Maji Yalitoka Wapi? Somo la Kutu Katika Karakana



Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike kidogo juu ya kazi yangu. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Remera, upande wa mashariki wa mji wa Kigali, si mbali na Uwanja wa Amahoro na njia kuu iendayo uwanja wa ndege wa Kanombe. Ni chumba kimoja cha matofali, urefu wake mita 5, upana mita 4 na kimo mita 3. Kimeezekwa mabati, na sakafu yake ni ya saruji. Moto wa kukitia joto hakina, maana huku kwetu hakuna awashaye moto katika karakana kwa ajili ya baridi.

Ningeweza kuwaandikia juu ya milango na makabati, lakini nimeona heri niwaandikie juu ya adui mmoja wa kila mwenye chombo cha chuma, awe seremala, mkulima, fundi wa baiskeli au mama mwenye kisu jikoni. Adui huyo ni kutu. Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha.

KASHA LA MZEE

Useremala nilifundishwa na mzee mmoja mwenyeji wa Bukavu, aliyehamia Kigali zamani. Macho yake yalipopungua nguvu aliacha kazi, akanipa kasha lake la vyombo. Ndani yake mlikuwa na randa mbili za chuma, misumeno mitatu, patasi sita, keekee, tupa na nyundo. Patasi zile alikuwa amezitumia zaidi ya miaka 30, na bado zilikuwa zikimetameta. Hakunidai hata faranga moja. Aliniambia neno moja tu: "Vyombo hivi vimenilishia watoto. Vitunze, navyo vitakulishia wako."

Mwezi wa Aprili, katikati ya mvua kubwa, nilipata kazi ya kutia milango katika nyumba moja huko Huye. Nilichukua vyombo vyangu vya kila siku, na kasha la mzee nikaliacha nyumbani ili lisije likaharibika njiani. Nilitaka kulihifadhi vizuri. Nikatandika maranda mapya ndani yake, maranda ya mbao za mkaratusi nilizozipiga randa asubuhi ile ile, nikavilaza vyombo juu yake kama mtu alazavyo mayai. Nikaliweka kasha sakafuni pembeni, nikalifunika kwa turubai la nailoni, nikalikaza kwa kamba. Mabati yangu hayavuji. Nikaenda zangu bila wasiwasi.

Nilirudi siku ya 16. Nilipofungua kasha, harufu ya uchachu ilinipiga puani. Randa zilikuwa nyekundu kama udongo wa njia. Misumeno ilikuwa na madoa meusi, na patasi zilikuwa zimevaa kitu kama unga wa matofali. Ubavuni mwa randa moja niliona alama ya kidole gumba, mistari yake yote imechorwa kwa kutu. Nikaweka kidole changu juu yake, kikalingana. Kilikuwa changu.

Siku ya tatu mzee alikuja kunitembelea. Niliona aibu kumwonyesha, lakini kumficha kungekuwa aibu kubwa zaidi. Hakukasirika. Alipitisha kidole polepole juu ya patasi moja, kisha akauliza:

"Mvua iliingia?"

"Hapana, Mzee. Mabati ni mazima."

"Mtu alimwaga maji?"

"Hapana, Mzee. Mlango ulikuwa na kufuli."

"Basi maji yalitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nami niliyekuwa nimesoma sayansi darasani miaka minne, nilinyamaza mbele ya mzee ambaye hakupata kusoma hata mwaka mmoja. Swali hilo ndilo ninalotaka tulijibu leo, maana mtu akilijibu sawasawa amekwisha kujua nusu ya dawa ya kutu.

KUTU NI NINI?

Mwalimu wenu amekwisha kuwaambia kwamba kutu si uchafu uliokuja kutoka nje ukakaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma huungana na oksijeni iliyomo katika hewa, na maji ndiyo yanayoviunganisha. Vitu viwili hivi sharti viwepo pamoja: oksijeni na maji. Ukiondoa kimoja, chuma hakishiki kutu.

Tena kutu ina hila. Huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukuliwa na chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, hupasuka na kubambuka, na chini yake chuma kipya huwa wazi kuliwa tena. Aluminiamu nayo huungana na oksijeni, lakini ngozi inayoota juu yake ni ngumu na haina matundu, nayo huwa ngao. Ngozi ya kutu ni kama sifongo: hunywa maji na kuyaweka. Ndiyo maana chombo chenye kutu kidogo leo hupata kutu nyingi kesho, hata kama jirani yake kilicho safi kimetulia.

Basi tukirudi kwenye kasha langu, oksijeni haiondoleki, maana iko kila mahali penye hewa. Yabaki maji. Nimeyatafuta yalikotoka, nami nimeona kwamba yalikuwa na milango minne.

MLANGO WA KWANZA: HEWA

Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Hewa ya joto huweza kubeba mengi, na hewa ya baridi huweza kubeba machache. Mita moja ya hewa, urefu kwa upana kwa kimo, ikiwa na joto la digrii 25 za Sentigredi, huweza kubeba gramu 23 za maji. Ikipoa mpaka digrii 16, huweza kubeba gramu 13.6 tu. Yanayozidi hapo sharti yatue mahali, nayo hupenda kutua juu ya kitu kilicho baridi. Ndiyo asili ya umande juu ya majani, na ndiyo sababu bilauri ya maji baridi hutoa jasho mezani.

Sasa na tupige hesabu ya karakana yangu. Mita 5 mara 4 mara 3 ni mita 60 za hewa. Kigali iko juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mchana joto hufika digrii 26 au 27, na usiku hushuka mpaka 15 au 16. Tuseme jioni moja ya Aprili joto ni digrii 25, na hewa imebeba 70 kwa mia ya maji inayoweza kubeba. Basi kila mita ina gramu 16.1, na chumba kizima kina gramu 966. Hiyo ni karibu lita nzima ya maji inayoelea kichwani pangu wala siioni! Usiku chumba kikipoa mpaka digrii 16, hewa hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 816. Gramu kama 150 hubaki hazina mahali. Hutua juu ya mabati, juu ya jiliwa, na juu ya randa. Kwa kipimo cha nyumbani, zapita nusu ya bilauri ya kawaida.

Mabati ndiyo hupoa kwanza, maana usiku hutoa joto lao kwenda juu angani. Asubuhi nyingi nimeyaona yamejaa matone upande wa ndani, hali mvua haikunyesha.

Lakini saa mbaya kuliko zote si usiku. Ni asubuhi, jua likichomoza baada ya mvua. Nje, ardhi iliyolowa hupata joto na kutoa mvuke. Ndani, vyuma vizito kama jiliwa na mwili wa randa bado vina baridi ya usiku, kwa sababu chuma kinene hakipashwi joto upesi. Ukifungua mlango wazi saa hiyo, hewa ya joto yenye maji mengi huingia na kugusa vyuma vya baridi, navyo hutoa jasho papo hapo. Wenzetu wa Ulaya wana karakana zisizo na moto wakati wa baridi kali, nao wajua jambo hili. Siku za baridi zikikatika ghafula, ikaja hewa laini yenye unyevu, vyombo vyao hulowa bila tone la mvua. Digrii zao si zetu, lakini sheria ni ile ile.

Tena si lazima uone matone. Mwingereza W. H. J. Vernon, aliyechunguza kutu katika miaka ya 1920 na 1930, alionyesha kwamba chuma katika hewa kavu hukaa salama, lakini unyevu ukipita kiasi cha 60 kwa mia kutu huanza kukaza mwendo, hasa palipo na vumbi na moshi. Pia alifunika kipande cha chuma kwa wavu wa kitambaa chepesi, akaona kilishika kutu kidogo sana kuliko kilichoachwa wazi, kwa sababu kitambaa kilizuia vumbi. Likumbukeni neno hilo la kitambaa, nitalirudia.

Na ninyi mnaofanya kazi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, mna mzigo zaidi yetu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani hata pale ambapo chuma kitupu kingekaa kikavu. Kwa hiyo kila ninaloagiza hapa mara moja, ninyi lifanyeni mara mbili.

MLANGO WA PILI: MTI WENYEWE

Sisi maseremala twadhani mti ni mkavu kwa kuwa hautoi maji mkononi. Mbao mbichi huweza kubeba maji yenye uzito wa nusu ya mti mkavu au hata zaidi. Maranda yale niliyoyatandika kama godoro yalitoka katika mbao ambazo hazijakauka vizuri. Nilifanya kama mtu aliyevilaza vyombo vyake juu ya kitambaa kilicholoweshwa.

Zaidi ya hayo, miti mingi hutoa mvuke mchachu, wenye asidi kama ile ya siki, na mkaratusi una dawa ya ngozi iitwayo tanini, ambayo ikikutana na chuma chenye maji hugeuka rangi nyeusi. Ndiyo asili ya yale madoa meusi juu ya misumeno. Basi maranda na unga wa mbao ufagieni kila jioni. Msiache randa imelala juu yake hata usiku mmoja.

MLANGO WA TATU: SAKAFU

Saruji yaonekana kama jiwe, lakini ina vitundu vidogo, na chini yake kuna udongo uliolowa. Maji hupanda kwa vitundu hivyo polepole. Ukitaka kujua, weka kipande cha nailoni cha kiasi cha ukurasa wa gazeti juu ya sakafu, ukibandike pembe zote, ukiache usiku kucha. Ukikuta asubuhi kimelowa upande wa chini, basi sakafu yako inapumua maji. Yangu yapumua. Kasha nililiweka juu yake, kisha nikalifunika kwa turubai lisilopitisha hewa, maji yakawa na njia ya kuingia na hayana njia ya kutoka.

MLANGO WA NNE: MKONO

Huu ndio ulioniumiza moyo, kwa sababu ya ile alama ya kidole. Jasho la mtu lina chumvi. Ukishika chuma kikavu kwa mkono wenye jasho ukakiweka bila kukifuta, umekitia chumvi pale pale ulipogusa. Chumvi ile huvuta maji, na kutu hufuata mistari ya kidole kama wino ufuatavyo muhuri. Ilikuwa ni sahihi yangu mwenyewe chini ya kosa langu.

ULINZI: MAMBO MATATU

Nilipompa mzee jibu hilo la milango minne, alisema: "Sasa ifunge." Kuifunga kote hatuwezi, lakini kuna mambo matatu yanayotosha.

Jambo la kwanza ni kukausha. Kila jioni kabla ya kufunga kazi, futa kila chombo kwa kitambaa kikavu. Usikiweke chombo chenye vumbi la mbao wala chenye jasho. Chombo kilichonolewa juu ya kinoo chenye maji kikaushwe mara hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kupaka. Chuma kivikwe nguo nyembamba inayozuia maji yasikiguse. Mafuta ya cherehani yafaa kwa matumizi ya kila siku. Kwa chombo kitakachokaa muda mrefu, mafuta ya mgando kama vaselini au grisi ni bora, maana hayatiririki. Mimi hutumia mchanganyiko alionifundisha mzee: fungu moja la nta ya nyuki na mafungu manne ya mafuta ya cherehani. Weka vyote katika kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Usiliweke kopo juu ya moto wenyewe, maana mafuta hushika moto. Likipoa utapata dawa laini kama samli. Chovya kitambaa, paka upesi, kisha futa mpaka ubaki utando tu. Wengi hupaka mafuta mengi wakidhani ndiyo ulinzi, kumbe mafuta mengi hukamata vumbi na kuchafua mbao.

Msitumie mafuta ya kupikia, kwa kuwa yakikaa hugeuka kuwa gundi. Msitumie siagi wala mafuta yenye chumvi. Na mafuta machafu yaliyotolewa katika mashine ya motokaa, ambayo wengi huyapenda kwa kuwa ni ya bure, yana asidi na masizi ndani yake, hutia mbao madoa na kudhuru ngozi ya mkono. Jambo jingine la hatari: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Kitandazwe nje kikauke, au kitiwe katika kopo la bati lenye maji na kufunikwa.

Jambo la tatu ni kuweka mahali patulivu, yaani mahali ambapo joto na baridi havibadiliki ghafula. Kasha la mbao kavu lenye kifuniko kizuri lafaa sana, kwa kuwa mti hupoa polepole na kupata joto polepole. Liinueni juu ya sakafu kwa vigingi viwili, angalau kimo cha shubiri. Lisikae likigusa ukuta wa nje. Jiliwa na mashine ambazo haziingii kashani zifunikeni kwa shuka kuukuu au blanketi la pamba, si kwa nailoni. Hapo ndipo linapoingia neno la Vernon: kitambaa huzuia vumbi na kupunguza mwendo wa hewa, lakini huacha unyevu utoke. Nailoni huufungia ndani.

Ndani ya kasha mwaweza kutia vile vifuko vidogo vya chembe zinazonyonya unyevu, vinavyokuja pamoja na viatu vipya au redio. Vikishiba huwa havifanyi kazi tena.

Na karakana yenyewe? Asubuhi baada ya mvua, acheni mlango na madirisha yamefungwa kidogo mpaka vyuma vipate joto. Saa za mchana, jua likiwa kali na upepo ukivuma, fungueni vyote, hewa kavu ipite. Jioni fungeni kabla ya baridi. Mimi pia nimetia dari ya mbao nyepesi chini ya mabati. Matone yamekoma kuniangukia mezani, na chumba hakipoi upesi kama zamani.

Huenda mtu akasema, "Kwa nini usiwashe moto kidogo?" Nilifikiri hivyo pia, nikawaza kuleta jiko la mafuta ya taa. Lakini tazameni: lita 1 ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke ambao ukipoa huwa zaidi kidogo ya lita 1 ya maji! Gesi ya kupikia nayo hutoa maji. Ningekuwa nikinywesha adui. Mkaa hautoi maji mengi, lakini katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imeua watu wengi usingizini. Katika karakana yenye maranda, moto wa aina yoyote ni hatari. Zamani mafundi waliweka taa ndogo ya umeme ndani ya kabati la vyombo, na joto lake liliondoa unyevu. Taa za sasa za LED hutoa joto kidogo mno, basi msitumaini zitafanya kazi hiyo.

KUTU IKISHAINGIA

Sasa nitaeleza nilivyoviponya vyombo vya mzee. Kutu nyepesi niliifuta kwa mafuta ya taa na msasa laini, nikisugua upande mmoja kwa urefu wa chuma, wala si kwa kuzungusha. Msumeno huwekwa bapa mezani, mtu asugue akitoka mpinini kwenda nchani, asikate vidole.

Kutu nzito niliiloweka katika siki usiku mmoja. Asubuhi hulainika ikatoka kwa brashi. Lakini siki ni asidi. Ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima, kwa hiyo usikisahau chombo humo siku tatu. Ukikitoa, kisuguliwe kwa maji yenye magadi ili asidi ife, kisafishwe kwa maji matupu, kifutwe, kikaushwe juani mpaka kiwe cha moto mkononi, na papo hapo kipakwe mafuta. Chuma kilichotoka katika siki kikiachwa saa moja bila mafuta huanza kuwa chekundu tena.

Kwa kazi ya siku nne nilivirudisha vyombo karibu vyote. Randa zilipona, misumeno ilibaki na madoa lakini yakata. Patasi tano zilipona. Ya sita, ile pana aliyoipenda mzee, ilikuwa imepata vishimo upande wa nyuma, karibu na makali. Patasi hunolewa pande mbili, na makali ni pale pande hizo zinapokutana. Nyuma ikiwa na vishimo, makali huwa na mapengo, hata unoe mwezi mzima. Ningeweza kusaga mpaka chini ya vishimo, lakini chuma kingekwisha kabla ya vishimo kwisha.

JEMBE LA SHULE

Msidhani hayo ni ya maseremala tu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hapa Rwanda watu hutoka kwa kazi ya umuganda, na mchana huwaona wakirudi nyumbani na majembe na mapanga yenye udongo. Wengi huyatupa pembeni yalivyo. Udongo uliolowa juu ya jembe ni sawa na maranda yangu mabichi juu ya patasi. Na katika shamba la shule mambo si mbali na hayo. Nami nakumbuka sisi wenyewe tulivyoyarundika majembe stoo, kila mtu akikimbilia chakula. Jembe likwanguliwe kwa kijiti, lifutwe kwa nyasi kavu, litundikwe ukutani, na mwisho wa juma lipakwe mafuta. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na jembe hudumu miaka.

MAJARIBIO NA MASWALI

Chukueni misumari minne mipya isiyopakwa zinki, muisugue kwa msasa, na chupa nne safi. Chupa ya kwanza itieni msumari na vifuko vya kunyonya unyevu, mfunge. Ya pili, maji yaliyochemshwa sana, yamwagwe yakiwa ya moto polepole, kisha juu yake mafuta ya kupikia ili hewa isiingie. Ya tatu, maji ya kawaida yafikie nusu ya msumari, chupa iwe wazi. Ya nne vivyo hivyo, lakini maji yawe na chumvi. Tazameni baada ya juma moja, kisha mjibu:

1. Ni chupa zipi ambazo misumari haikushika kutu, na kila moja ilikosa kitu gani?
2. Kwa nini maji ya chupa ya pili yalichemshwa kwanza?
3. Stoo ya shule ina urefu wa mita 6, upana mita 3 na kimo mita 3. Hewa yake ina joto la digrii 25 na unyevu wa 80 kwa mia. Ikipoa mpaka digrii 16, ni gramu ngapi za maji zitakazotua?
4. Rafiki yako amefunga panga lake lililolowa ndani ya nailoni "lisipate kutu." Mwandikie barua fupi ya kumwonya.

Nimalizie kwa patasi ile ya sita. Nilimpelekea mzee nyumbani kwake, nikamwambia kwamba haiponi, nami ndiye niliyeiua. Aliishika muda mrefu. Kisha akanirudishia akasema, "Itie mpini mpya, ufungulie makopo ya rangi. Lakini usiitupe." Basi sasa imetundikwa karibu na mlango wa karakana yangu Remera, na kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu humwonyesha patasi hiyo kabla hajashika msumeno, nikamwuliza swali lile lile. Mvua haikuingia. Mtu hakumwaga maji. Maji yalitoka wapi? Akinijibu vizuri, humpa kitambaa na kopo la nta, tukaanza kazi.